Jina la Tisa Ubaoni

Maji yakikatika hapa mtaani Majimbo, na hukatika karibu kila wiki, mimi huinama chini ya sinki na kutoa mitungi yangu ya akiba. Ni ile ya njano ya lita tano iliyouzwa na mafuta ya kupikia ndani, isiyoisha harufu hata uisugue kwa mchanga. Nikifungua kifuniko, harufu ya maji yaliyolala kwenye plastiki hunipanda puani, na papo hapo nina miaka kumi na mmoja, bega moja limeshuka, naenda shule na vumbi la Kiritiri limenifika magotini. Nyinyi wa rika langu mliosoma kule kwetu chini mnajua ninachosema. Hatukubeba vitabu peke yake. Tulibeba vitabu, sahani, kijiko, na maji.

Shule yetu haikuwa na mfereji. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kila mtoto alifika na mtungi wake, na mwalimu wa zamu alisimama langoni akikagua. Maji hayo ndiyo yaliyopika githeri, mahindi na maharagwe yetu ya mchana, ndiyo tuliyokunywa, na Ijumaa ndiyo yaliyonyunyizwa kwenye sakafu ya udongo kabla ya kufagia, ili vumbi litulie na funza wasipate makao. Mtungi usiojaa ulikuwa kosa. Mimi sikuwa na shida, kwa sababu baba yangu alikuwa na duka sokoni na tangi la kukingia mvua nyuma yake. Nilifungua bomba, nikajaza, nikaenda zangu. Wenzangu wengi walichota mtoni, na mto wenyewe kwa miezi mingi ulikuwa mchanga mtupu. Mtu alichimba kwa kibakuli, akangoja maji yakusanyike shimoni, akachota polepole asije akazoa na matope. Sikuwahi kuifikiria tofauti hiyo hata siku moja.

Igoki alikuja muhula wa pili, tukiwa darasa la sita. Alisindikizwa na cucu yake, yaani nyanya yake, ajuza mwembamba aliyechoma makaa kule upande wa vilima. Mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Njeru, alimwambia mgeni asimame mbele atuambie jina lake. Alisimama akitazama vidole vya miguu yake, kovu dogo likionekana kwenye kope yake ya kushoto. Akaulizwa tena, bado kimya.

"Mwalimu, huyu haongei," cucu akasema kutoka mlangoni. "Masikio iko sawa, kuandika anajua. Lakini tangu tuzike mama yake, haongei."

"Haongei na watu ambao hajawazoea?"

"Na mtu yeyote. Hata mimi."

Mwalimu Njeru alikuna kichwa, akamwonyesha dawati la nyuma. Tulikuwa wengi mno tangu karo ifutwe, tulikaa wanne kwenye dawati la wawili, na mtoto asiyepiga kelele alikuwa, tuseme ukweli, baraka.

Sasa mimi nilisikia maneno ya cucu kwa masikio yangu yote mawili, lakini sikuyaelewa. Nyumbani kwetu kunyamaza kulikuwa na maana moja tu: mtu amenuna. Mama akikosana na baba alikaa siku tatu bila kumsemesha, akipitisha ujumbe kupitia kwangu: mwambie baba yako chakula kiko mezani. Kwa hivyo nilidhani Igoki alikuwa amenuna, ametununia sisi darasa zima kwa kosa tusilolijua, na nikawa nangoja hasira zake ziishe. Wiki zilivyopita bila ya yeye kusema neno, nikaanza kuona anaringa. Nilijiuliza msichana wa kuchoma makaa anaringa kwa lipi.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wa kwanza kuishika kamba ya Igoki alikuwa Marigu. Marigu alikuwa mkubwa kuliko sisi sote, alikuwa amerudia darasa la tano, na debe tupu haliachi kuvuma. Ni yeye aliyempa jina la Bubu. Ni yeye aliyeanza kumfinya mapajani chini ya dawati ili aone kama atalia kwa sauti. Igoki alifungua mdomo, machozi yakamwagika, na sauti haikutoka. Jambo hilo liliwafurahisha watoto kupita kiasi. Ikawa mchezo wa kabla ya kengele: leo ni zamu ya nani kumliza Bubu. Mimi sikumfinya. Nimejitetea kwa sentensi hiyo miaka mingi sana. Sikumfinya, nilitazama.

Na sikuwa mtu wa kutazama tu kama wengine, maana nilikuwa kiranja wa darasa. Niliteuliwa kwa sababu ya mwandiko wangu. Mwalimu akitoka, nilisimama mbele na chaki, nikaandika ubaoni majina ya wapiga kelele. Mnaikumbuka orodha hiyo. Ukirudia kosa, kando ya jina lako iliandikwa mara mbili, mara tatu. Mwalimu alirudi, akasoma, na walioandikwa wakatoka nje kuadhibiwa. Hakuna aliyeulizwa alisema nini wala kwa nini. Niliipenda chaki ile kuliko chakula. Watoto waliniletea ukwaju uliofungwa kwenye karatasi za daftari ili niwasahau, nikaula ukwaju wao na bado nikawaandika, na nilijivunia jambo hilo. Nilimwandika hata binamu yangu. Siku moja nilicheka mwenyewe, nikajiandika mwenyewe, na Mwalimu Njeru akanisifu mbele ya shule nzima kwamba huyu ndiye kiranja wa haki. Mama aliposikia alinichinjia kuku.

Jumatano moja asubuhi nilijikwaa kwenye mzizi karibu na lango la shule. Kifuniko cha mtungi wangu kilikuwa kimelegea, na kabla sijasimama maji yote yalikuwa yamenywewa na mchanga. Maji yakimwagika hayazoleki, na kengele ilikuwa dakika chache mbele. Nilikaa chini nikaanza kulia, kwa sababu kiranja wa haki angeonekana langoni na mtungi mtupu. Watoto walinipita. Baadhi walicheka, na siwezi kuwalaumu, nilikuwa nimewaandika.

Igoki hakunipita. Aliweka mtungi wake chini, akauchukua wangu, akamimina maji yake taratibu, akisimama mara kwa mara kuinua mitungi yote miwili apime kwa macho, mpaka ikawa sawa. Maji hayo alikuwa ameamka gizani kuyachimba. Alinirudishia wangu, tukaenda.

Langoni mwalimu wa zamu alitutazama, mimi na yeye, kila mmoja na nusu mtungi. Hakuuliza. Alituonyesha uwanja. "Ng'oeni nyasi mpaka mapumziko."

Tukaenda kung'oa nyasi. Nilikuwa na aibu, nikawa nazungumza ovyo kama wenye aibu wanavyofanya, kuhusu kifuniko, kwamba duka letu lina vifuniko vingine, kwamba baba angenipa kipya. Ndipo niliposikia sauti nyembamba yenye mikwaruzo, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuitumia.

"Weka kikaratasi cha nailoni chini ya kifuniko," ilisema. "Haitamwaga."

Niligeuka. Igoki alikuwa bado ameinama, anavuta nyasi. Nikajua nikishangaa nitaiharibu, sijui nilijuaje, mtoto mjinga vile. Nikasema tu, "Nitaweka." Tukaendelea kung'oa.

Kuanzia siku hiyo alianza kuniongelesha njiani, mimi peke yangu, na tukiwa wawili tu. Mtu wa tatu akitokea, alinyamaza. Maneno yake yalikuwa machache na ya kawaida. Alinieleza mbuzi yupi wa cucu ni mwizi. Alinieleza jinsi ya kujua tanuri la makaa limeiva kwa kutazama rangi ya moshi. Asubuhi moja aliniambia kwamba mama yake alipokuwa mgonjwa, yeye ndiye aliyekuwa akimwita akiwa jikoni, "Mama, uko macho?" na mama anajibu niko. Siku ya mwisho aliita, akaita. "Sasa nikitaka kuongea naogopa," alisema. "Naona kama nikiita mtu hataitika."

"Mimi nitaitika," nilimwambia.

Nilisema kwa moyo wangu wote. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii chochote.

Cucu yake alikuja dukani kununua chumvi jioni moja, nami niko nyuma ya kaunta. Alimwambia mama yangu, "Mama Wawira, Mungu ni mwema. Msichana ameanza kuwaimbia mbuzi. Akidhani nimelala, anaimba." Mama akasema ni jambo la kushukuru. Cucu akanitazama. "Nasikia ni wewe unatembea na yeye. Endelea hivyo tu, mama. Usimharakishe."

Ningemsikiliza. Lakini nilikuwa na siri tamu kupita ukwaju, na siri tamu haikai mdomoni mwa mtoto wa dukani. Nikamwambia Marigu. Nilitaka tu ajue kuna kitu ninacho ambacho yeye, pamoja na ukubwa wake, hana.

"Bubu anaongea na wewe?" Marigu akasema. "Uongo. Wewe ni mwongo wa kuzaliwa."

"Anaongea. Ananiambia mambo mengi."

"Basi aongee tusikie."

Akawaambia wengine. Wiki nzima walinifuata. Kiranja wa haki ni mwongo, waliimba uwanjani. Igoki hakujua sababu, aliwatazama tu kwa mshangao, kisha akanitazama mimi kwa huruma, akidhani sasa ni mimi wanayenionea.

Ijumaa hiyo mwalimu aliitwa ofisini. Tulikuwa tumeshanyunyiza sakafu, darasa lilinuka udongo mbichi, na watoto walikuwa na kiherehere cha wikendi. Nikaanza kuandika majina. Sehemu ya chini ya ubao ilikuwa na hesabu zilizokatazwa kufutwa, kwa hivyo niliburuta kiti cha mwalimu, nikapanda, nikaandika juu. Kiti hicho kilikuwa na mguu mmoja uliounganishwa kwa kamba ya mpira. Nilikuwa nimefika jina la nane, kifutio mkono wa kushoto, chaki mkono wa kulia, nilipohisi kinayumba, na hapo kutoka nyuma kabisa ya darasa ikatoka sauti.

"Wawira! Kiti!"

Niliruka. Kiti kilianguka upande wake, mguu umetoka. Ningevunjika mkono, au meno. Watoto zaidi ya sabini waligeuka nyuma, wote. Igoki alikuwa amesimama, mkono mmoja umenyooka kunielekea. Aliita, nami nikageuka, nikamwangalia. Uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine tena.

Kisha Marigu akacheka. "Bubu ameongea! Andika yeye!"

"Aliniambia nitaanguka," nikasema.

"Si amepiga kelele? Wote tumesikia. Ama huyu ni wako? Wewe huandika hata binamu yako, kwa nini usiandike huyu?"

"Andika!" wakaanza. "Andika! Andika!" Walipiga madawati kwa viganja. Na hoja yao ilikuwa sawa, ndiyo ilinishinda. Alikuwa ameongea. Kila mtu aliyeongea aliandikwa. Nilikuwa nimejiandika hata mimi, kwa kucheka tu, na shule nzima ilinipigia makofi. Nikafikiri, na namkumbuka vizuri mtoto yule akifikiri, kwamba nikimwacha nitakuwa mwongo na mwenye upendeleo, na nikimwandika angalau wataamini kwamba anaongea. Nilijaribu kumwambia Igoki kwa macho kwamba ni jina tu, halina maana. Nikasimama kwa ncha za vidole, nikanyoosha mkono, nikaandika chini ya jina la nane namba tisa, Igoki, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mwalimu Njeru hakuwa mtu mbaya. Alirudi kutoka ofisini amechoka, mtihani wa muhula uko mlangoni, akasoma majina kwa sauti bila kuinua kichwa. Alipofika la tisa alisita.

"Igoki? Wewe pia? Ulisema nini?"

Igoki hakunitazama kwa hasira. Alinitazama akingoja, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi kwamba akiita nitaitika, na sasa lilikuwa limebaki neno moja tu la kusema: Mwalimu, aliniokoa. Ningeweza hata kufuta, kifutio kilikuwa bado mkononi. Darasa lote lilikuwa linanitazama, Marigu ameweka kidevu kwenye ngumi zake. Nikatazama chini.

"Haya, nje nyote," Mwalimu akasema.

Wale tisa walipiga magoti kwenye changarawe mbele ya ofisi, mikono juu, jua la saa tisa. Wanane walikuwa wamezoea, walikuwa wakichekana na kusukumana kwa viwiko. Igoki aliinua mikono yake ikanyooka kabisa, hakuishusha hata kidogo, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Nilimwona dirishani. Kisha akaufunga.

Jumatatu nilimngoja kando ya njia. Nilikuwa nimeiba peremende dukani, zimeyeyuka kwenye ngumi yangu. Nilimwomba msamaha kwa namna ya watoto, kwamba ni Marigu, kwamba walinilazimisha, kwamba sikujua atapiga magoti. Alizipokea peremende. Nikaomba kumbebea mtungi, akaniachia. Tulitembea bega kwa bega hadi lango la shule na sikusikia neno. Jumatano vivyo hivyo. Nilizungumza mimi, nikauliza habari za mbuzi, nikauliza habari za tanuri. Alitikisa kichwa au alitabasamu. Angenitukana ningefurahi. Aliendelea kunifanyia wema wake wote, aliwahi hata kunimiminia maji tena, na sauti yake hakunipa.

Cucu alirudi dukani baada ya wiki mbili hivi. Hakuwa na la kununua.

"Mama Wawira, kuna nini huko shuleni? Mtoto amenyamaza tena. Hata mbuzi hawaimbii."

Mama akanigeukia. "Kwani kumetokea nini?"

"Sijui," nikasema.

Cucu hakunisuta. Alifunga kanga yake vizuri kiunoni akaenda, na sijawahi kuona mgongo uliochoka vile. Mwisho wa muhula tulisikia Igoki amechukuliwa na shangazi yake, anakaa mbali, huko Kangeta. Kwenye dawati la nyuma walikaa watatu kwa siku mbili, kisha akaletwa mwingine. Mimi niliendelea kuwa kiranja hadi darasa la nane, na niliandika majina kama kawaida, maana hakuna aliyeniambia niache na mimi mwenyewe sikuwa na ujasiri wa kukataa chaki.

Kazi yangu leo bado ni ya majina. Naandikisha wakulima, nakaa na daftari na kompyuta, na watu husema nina mwandiko mzuri. Mwaka jana nilitumwa Kangeta siku mbili. Asubuhi ya pili, soko la miraa likiwa limechangamka na wanaume wakifunga vibunda kwa majani ya migomba, niliingia kwenye kibanda cha chai kwa sababu ya kicheko kilichotoka humo. Mama mmoja mnene kiasi, mikono imejaa unga, alikuwa anaongea huku anasukuma chapati, anaongea na kila mtu kwa wakati mmoja, Kimeru na Kiswahili vimechanganyika.

"Wewe mzee wa koti, jana ulikula chapati tatu ukasema umeshiba mpaka Ijumaa. Leo unataka nini hapa? Ama bibi amekufukuza?"

Watu wakacheka. Mzee akasema, "Igoki, siku moja ulimi wako utakuletea kesi."

Nilishika ukingo wa meza. Nilimtazama, nikaona jicho lile, kope ile ya kushoto yenye kovu. Kwa dakika nzima nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza, nikamshukuru Mungu pale pale nimesimama. Anaongea. Sikuiua sauti yake. Iliota tena mahali pengine, mbali na mimi, ikawa kubwa hivi. Ningekunywa chai yangu nikaondoka na furaha hiyo, na labda ingefaa. Lakini nilisogea karibu na jiko.

"Igoki," nikasema, "ni mimi. Wawira. Wa duka la Kiritiri."

Kijiti cha kusukumia kilisimama. Alinitazama, na nikaona amenijua mara moja. Mdomo wake ulifunguka kidogo. Nikasubiri. Ukafungwa.

Alinifutia mahali pa kukaa kwa kitambaa, akanimiminia chai, akaniwekea chapati mbili za moto ambazo sikuwa nimeagiza. Nikamwambia nilichokuja nacho tangu utotoni, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie: kwamba nilikuwa na kifutio mkononi, kwamba aliniita na sikuitika. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Macho yake hayakuwa na chuki, na kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kwa chuki. Akanisogezea sukari, akarudi kwenye jiko lake.

"Haiya, Igoki," mzee wa koti akasema, "ulimi umeenda wapi leo?"

Hakumjibu. Kibanda kikawa kimya, watu wakanitazama kujua mimi ni nani niliyeleta kimya hicho. Nilikula chapati zote mbili kwa sababu ni yeye aliyenipa. Nikasimama, nikamuaga kwa jina, akainamisha kichwa kwa heshima kama mtu anavyomuaga mgeni.

Nilitoka. Nilikuwa nimepita kibanda cha pili nikikata kona kuelekea barabarani nilipomsikia nyuma yangu, ameanza tena kuongea.